Jike "hakushika": mbegu ya dume inapita wapi ndani ya tumbo la ngulube?

Kila mara tunapotembelea vikundi vya wafugaji, kuanzia Kamanyola, Luvungi na Sange hadi Uvira mjini, na kuendelea kando ya ziwa hadi Makobola na Mboko, kuna kesi moja ambayo haikosi. Jike alipelekwa kwa dume, alipandwa, watu waliona kwa macho yao. Wiki tatu zikapita, akaanza tena kulia na kupanda wenzake. Mwenye jike anasema dume amezeeka. Mwenye dume naye anajibu: "Dume yangu iko na nguvu, imezalisha kwa jirani. Jike yako ndiyo ya bure." Mwishowe jike anauzishwa kwa wachinjaji, mara nyingi kwa bei ya hasara, na pamoja naye inakwenda minervali ya watoto ya muhula unaofuata.

Katika kesi hizo zote hatujasikia mtu akiuliza jambo moja: mbegu ilipoingia, ilifanywa nini mule ndani? Tunasema "ilifanywa" kwa makusudi. Wengi wetu tunafikiri tumbo la jike ni kama gunia: unamwaga, unafunga, unangoja siku 114. Sivyo. Mwili wa jike unapokea mbegu, unaisukuma, unaiua sehemu kubwa, unaihifadhi ile kidogo iliyobaki, halafu unaiachilia saa ambayo wenyewe umeichagua. Mfugaji akielewa hayo, ataona kwamba kesi nyingi za "hakushika" si kosa la dume wala la jike. Ni saa. (Wasomaji wetu Waislamu na Waadventista wa Uvira watatusamehe kwa kurasa hizi, toleo linalokuja ni la mbuzi.)

Kuingia

Beberu anamaliza kazi yake kwa nukta moja. Dume wa nguruwe, au ngulube kama tunavyomwita huku, anakaa juu ya jike dakika tano, kumi, hata zaidi. Uume wake umejisokota kwa mbele kama visi ya seremala, na shingo ya tumbo la uzazi la jike nayo ina vipande vya nyama vilivyopangana kama meno. Visi inaingia ndani ya meno hayo inakaza, na maji yanamwagika moja kwa moja kuelekea tumbo la uzazi. Kwa mbuzi na ng'ombe mbegu inaachwa nje ya mlango huo. Kwa ngulube mlango unafunguliwa.

Maji yenyewe hayatoki ya aina moja. Kwanza yanatoka maji mepesi yasiyo na mbegu nyingi, ya kusafisha njia. Kiisha yanakuja meupe, mazito kama maziwa. Humo ndimo mbegu zimejaa. Mwisho yanatoka mepesi tena, pamoja na punje laini zinazofanana na uji wa muhogo wenye madonge. Punje hizo ni kizibo cha kuzuia mbegu isirudi nje haraka. Kwa hiyo yule kijana anayempiga dume fimbo ashuke kwa sababu "amekawia", anaharibu kazi ikiwa bado katikati.

Kwa jumla dume mkubwa anatoa mililita 200 hadi 300, yaani karibu chupa ndogo ya soda, na ndani yake mbegu bilioni 30 hadi 60 (miliari, kama tunavyohesabu kwa Kifaransa). Ukisikia hesabu hiyo unaweza kusema: kwa wingi huo, itakosaje? Ngoja.

Kusukumwa

Tumbo la uzazi la ngulube lina pembe mbili ndefu, kila moja inaweza kupita metre moja, zimejikunja kama matumbo. Mayai hayako hapo. Yanakuja kutoka juu kabisa, katika mirija myembamba iliyoko mwisho wa kila pembe. Mbegu moja haionekani kwa macho; ingeogelea yenyewe njia hiyo yote ingechoka bila kufika. Kinachoifikisha ni pembe zenyewe. Nyama yake inajibana na kujiachia, kama mtu anayekamua utumbo wa mbuzi anapousafisha, na maji yanapanda juu. Ndani ya saa moja au mbili, mbegu za kutosha zinakuwa zimekwisha kufika kule zinakotakiwa.

Kinachoamsha kujibana huko ni homoni inayoitwa oksitosini, ileile inayosukuma mtoto wakati wa kuzaa na kuleta maziwa wakati wa kunyonyesha. Jike anaitoa akisikia harufu ya dume, akisikia sauti yake, akisukumwa ubavuni na kupandwa bila haraka. Woga unafanya kinyume: jike aliyeogopa anatoa homoni nyingine, ya kukimbia na kupigana, na pembe zinalegea.

Sasa angalieni jinsi tunavyofanya. Jike anafungwa miguu yote minne, analazwa juu ya baiskeli, anapitishwa kwenye jua saa sita, anafika amechoka na anahema. Anafunguliwa, watu wanne wanamshika masikio na mkia, dume anapanda, kazi imekwisha. Anafungwa tena, anarudishwa. Kwa macho ya watu amepandwa. Ndani, pembe zake zilikuwa zimelala. Sisi tunaona heri jike afikishwe kwa mwenye dume jioni kukiwa na baridi, apewe maji, alale pale, apandwe asubuhi na tena jioni, ndipo arudi. Mwenye jike alete pumba zake mwenyewe, maana hapo ndipo ugomvi wa kwanza unapoanzia.

Vita

Akina mama wengi wametuuliza kuhusu maji meupe yanayotoka kwa jike saa chache baada ya kupandwa. "Mbegu imemwangika yote, turudi?" Hapana. Sehemu kubwa ya maji yale hurudi nje, na hiyo ni kawaida ya ngulube. Kilichokusudiwa kupanda kimekwisha kupanda.

Kinachobaki katika pembe kinakutana na askari. Mbegu ya dume ni kitu kigeni mwilini mwa jike, tena haiingii peke yake: inaingia pamoja na vijidudu kutoka kwa uume, matope na mavi. Basi mwili unatuma chembe nyeupe za damu kwa wingi sana, nazo zinameza vijidudu na zinameza mbegu pia. Kesho yake tumbo la uzazi limekwisha kufagiliwa. Usafi huo ni wa lazima, maana vitoto vitakavyofika pale siku chache baadaye vinahitaji nyumba safi.

Lakini askari hao wanafanya kazi vizuri wakati jike yuko kwenye joto tu. Mayai yakishatoka na joto likapungua, homoni nyingine, projesteroni, inaanza kutawala, mlango unafungwa na ulinzi unapungua. Jike anayelazimishwa kupandwa wakati huo, huku anakataa na watu wanamshika, anaingiziwa uchafu ambao hakuna wa kuufagia. Siku kadhaa baadaye unaona usaha. Jike huyo hakuwa mgonjwa kabla. Amefanywa mgonjwa na kupandwa kwa kuchelewa.

Stoo

Sasa tufike pale ambapo wataalamu wamepachunguza sana, na sisi tunaona ni pazuri kuliko pote. Mahali ambapo pembe inakutana na mrija wa mayai pana njia nyembamba sana, yenye mikunjo na ute. Mbegu zilizokufa, zenye mkia uliopinda na zile dhaifu hazipiti. Kati ya yale mabilioni, zinazopita zinahesabika kwa maelfu, labda laki moja.

Zikishapita haziendi mbali. Zinajishika kwa kichwa kwenye ukuta wa mrija, pale mwanzoni kabisa, na kutulia. Hapo ndipo stoo. Ronald Hunter, mwanasayansi wa Edinburgh, aliichunguza kwa miaka mingi kwa kupasua majike na kufunga mirija kwenye saa mbalimbali, aone mbegu ziko wapi. Huko Marekani, David Miller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mbegu inajishika kwa nini: ukuta wa mrija umefunikwa na sukari za aina yake, na kichwa cha mbegu ya ngulube kinazitambua sukari hizo kama ufunguo unavyotambua kufuli.

Mbegu iliyojishika inaishi. Iliyo huru inawaka haraka na kufa, kama taa yenye utambi mkubwa. Pale ukutani utambi unateremshwa: kalisiamu haiingii ovyo ndani ya mbegu, mkia unachezacheza kidogo tu, na uhai unarefuka hadi siku nzima, wakati mwingine zaidi. Tena mbegu mbichi, inapotoka tu kwa dume, haina uwezo wa kuingia ndani ya yai hata ukiiweka juu yake. Lazima ikae kwanza saa kadhaa mwilini mwa jike, ngozi yake ibadilike. Hilo liligunduliwa mwaka 1951 na watu wawili, kila mmoja mahali pake, M. C. Chang huko Marekani na C. R. Austin huko Australia, nao walikuwa wakifanya kazi na sungura na panya. Baadaye ilionekana ni hivyo hata kwa ngulube. Yaani mbegu inapikwa na jike kabla haijaiva.

Saa ya mayai kushuka inapofika, stoo inafunguka. Si kwa kishindo: mbegu zinaachiliwa kidogokidogo, chache kwa wakati mmoja. Projesteroni inayotoka pale mayai yanapotokea ni mojawapo ya ishara zinazozifanya ziachie ukuta. Uchache huo una sababu. Yai moja likiingiwa na mbegu mbili linaharibika. Mabilioni yangefika yote pamoja, jike asingezaa hata kitoto kimoja.

Saa ya kupandisha

Jike mzazi anakaa kwenye joto siku mbili hadi tatu. Yule ambaye hajazaa, siku moja hadi mbili. Mayai, 15 hadi 25, hayashuki mwanzoni mwa joto wala mwisho kabisa. Yanashuka muda wa joto ukishagawanywa mara tatu na sehemu mbili zikapita. Yai linangoja saa chache tu, tuseme saa nane hivi, halafu linazeeka. Mbegu ndiyo inayoweza kungoja. Kwa hiyo mbegu lazima itangulie: iwe ndani ya stoo, imetulia, imeiva, siku ileile kabla ya mayai kushuka. Ikitangulia mno inakufa ukutani. Ikichelewa inakuta yai limeoza, na tumbo halina tena askari.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeona mayai yakishuka. Tunachoona ni jike kusimama. Mkandamize mgongoni kwa mikono yote miwili, asubuhi na jioni, dume akiwa karibu ikiwezekana. Akisimama kama mti, masikio yameinuka, haendi, saa imeanza kuhesabiwa. Uke kuvimba na kuwa mwekundu peke yake si joto bado. Ni siku moja au mbili kabla, na wengi wanampeleka siku hiyo.

Kwa jike mzazi: akisimama mara ya kwanza asubuhi, apandwe jioni na tena kesho asubuhi. Akisimama jioni, apandwe kesho asubuhi na kesho jioni. Kwa yule ambaye hajazaa usingoje: apandwe palepale, na tena baada ya saa 12. Kuna jambo lingine ambalo wafugaji wachache wanalijua. Jike anayeingia kwenye joto mapema baada ya kuachisha watoto, siku ya nne au ya tano, joto lake ni refu, unaweza kungoja kidogo. Anayekawia hadi siku ya saba au zaidi, joto lake ni fupi. Huyo mpeleke mara moja.

Kusoma siku

Baada ya kupandwa, hesabu ya siku inaeleza mengi kuliko mabishano. Ngulube ana desturi ambayo wanyama wengine wengi hawana: ili mwili ukubali kwamba kuna mimba, siku ya 11 au 12 lazima vitoto vijulishe tumbo kwamba vipo, tena visipungue vinne hivi, na viwe katika pembe zote mbili. Viwili au vitatu haviwezi. Mwili unavifuta na kuanza upya. Ndiyo sababu kupandisha saa mbaya hakuleti watoto wachache kila mara. Mara nyingi hakuleti mtoto yeyote.

Basi jike akirudi kwenye joto kati ya siku ya 18 na ya 24, maana yake mbegu na mayai hayakukutana, au yalikutana machache. Angalia saa, safari na dume. Akirudi siku ya 25 hadi 38, mimba ilikuwapo na ikafa. Hapo dume hana kosa. Uliza kuhusu joto kali, kupigwa, homa, chakula chenye ukungu, na muite muganga wa wanyama. Jike wa siku 21 hastahili kuchinjwa kwa kosa la kwanza. Akirudi mara tatu kwa madume mawili tofauti, kwa saa nzuri, hapo tunakubali auzishwe.

Hesabu ya hasara ni hii. Mimba siku 114, kunyonyesha karibu 56, kungoja joto siku 7: jumla 177, yaani mara mbili kwa mwaka na siku chache zinabaki. Kila kurudi kunakula siku 21 za pumba na ndagala bila mtoto. Mara tatu ni siku 63, na ule uzao wa pili hauingii tena ndani ya mwaka.

Dume wa bonde

Bonde la Ruzizi ni la joto, nasi wa Uvira tunalijua jua la mwisho wa kiangazi. Ngulube hatoki jasho la kumpoza. Dume anayekaa siku kadhaa kwenye joto la kupita digrii 30 bila kivuli, au aliyepata homa, ataendelea kupanda kama kawaida na kila mtu atasema iko nguvu. Mbegu zake ndizo zilizoharibika. Mbegu ya dume inatengenezwa kwa muda wa wiki saba hivi, kwa hiyo ubaya wa Septemba unaweza kuonekana Oktoba hata Novemba, wakati jua limekwisha kusahaulika. Kivuli cha miti, maji ya kunywa kila wakati, na kumwagiwa maji mchana: hayo ni ya lazima. Dume kijana asipande zaidi ya mara mbili au tatu kwa wiki.

Halafu kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Iko Kivu ya Kusini, haina dawa, na inamaliza zizi zima. Dume anayezungushwa nyumba kwa nyumba anaweza kuibeba, hata ndani ya maji yake. Kijijini kukisikika ngulube mmoja amekufa ghafla, kupandisha kusimame, hata kama jike amesimama kama mti. Siku 21 zitarudi, zizi halirudi.

Wengine wanatuuliza kuhusu mbegu ya chupa, maana wamesikia kwamba ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, inapelekwa hata kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Ni kweli, na ni njia nzuri ya kukwepa ugonjwa. Kipimo kimoja kina mbegu bilioni mbili au tatu tu, na kinatosha. Lakini chupa hiyo inataka digrii 17 hivi mchana na usiku, na itumike ndani ya siku chache. Jua la Sange linaiua, na friji ya soda pia inaiua, kwa sababu mbegu ya ngulube haivumilii baridi kali. Kwa umeme tulio nao, sisi tunaona kikundi kisichojua bado kuandika siku ya joto hakina faida ya kununua chupa.

Tunachopendekeza kwa vikundi ni kurekebisha mapatano ya dume. Vijiji vingi mwenye dume analipwa kitoto kimoja kwa kupandisha mara moja, na mara ya pili inaombwa kama msaada. Mapatano yaandikwe hivi: kitoto kimoja, kikiwa kimeachishwa, kwa kupandisha mara mbili kwenye joto moja, kwa umbali wa saa 12, jike akilala pale. Akirudi kabla ya siku ya 24, apandwe tena bila malipo. Akirudi baada ya siku ya 25, malipo ni mapya. Siku ya kusimama, saa ya kupandwa na jina la dume viandikwe kwenye daftari mbili, ya mwenye jike na ya mwenye dume, na katibu atie sahihi zote mbili.